Namba Nne za Slabu Moja

Ukiingia katika nyumba kongwe ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe, Unguja, utaona vyumba vimekwenda kwa urefu kama ushoroba, lakini upana wake ni wa mita 2.5, pengine karibu na 3. Waashi hawakuwa maadui wa nafasi. Dari lilibebwa na boriti, miti ya mikoko iliyokatwa kwenye hori za pwani, na boriti iliyonyooka vizuri haikuweza kuvuka zaidi ya hapo. Juu yake vikapangwa vipande vya matumbawe, kisha chokaa ikashindiliwa. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kwenda Oman na Ghuba, na huko nako vyumba vikaufuata upana wa mkoko wa Afrika Mashariki. Aliyepanga ukubwa wa chumba alikuwa mti.

Leo fundi wa Mbezi au wa Kisauni anamwaga slabu ya zege juu ya chumba cha mita 4 kwa 4 bila kumuuliza mti yeyote. Anayeulizwa ni jedwali. Injinia anafungua ukurasa, anatazama uwiano wa pande za chumba, anachukua namba ndogo, tuseme 0.024, anaizidisha kwa mzigo na kwa mraba wa upande mfupi, na hapo anapata momenti, yaani nguvu ya kupinda ambayo nondo zinatakiwa kuistahimili. Ni kazi ya dakika mbili. Namba hiyo wahandisi huiita koefisienti ya momenti, na historia yake ni ndefu na yenye ugomvi kuliko ukurasa wenyewe unavyoonyesha.

Tuishike slabu moja ili tusipotee njiani: mita 4 kwa 4, imekalia kuta nne, na kila mita ya mraba inabeba kilonyutoni 10, karibu sawa na uzito wa tani moja, pamoja na uzito wa slabu yenyewe. Slabu hiyohiyo, mzigo uleule. Kwa nyakati tofauti imepewa namba nne.

Namba ya kwanza ni 0.125, yaani moja ya nane. Hiyo ni ya ubao uliolazwa juu ya kuta mbili, na wahandisi waliifahamu kabla zege halijatiwa chuma. Chuma chenyewe kiliingia kwa mlango wa uani. Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alichoshwa na vyungu vya miti vilivyopasuka, akasuka wavu wa waya ndani ya saruji, na mwaka 1867 akapewa hataza. Kisha akaomba hataza za mabomba, matangi na madaraja. Hesabu hakuwa nayo; alikuwa na mikono na jicho. Hakutajirika, akafilisika mwaka 1888, huku wengine wakiuza mfumo uliobeba jina lake.

Waliomfaidi zaidi walikuwa Wajerumani. Gustav Adolf Wayss alinunua haki za Monier, akamwendea Matthias Koenen, mhandisi wa serikali mjini Berlin, na mwaka 1886 Koenen akachapisha njia ya kwanza inayoeleweka ya kukokotoa zege lenye chuma. Hoja yake kila fundi anaijua leo hata kama hajawahi kusikia jina lake: slabu ikipinda, juu inabanwa na chini inavutwa; zege hustahimili kubanwa lakini likivutwa hupasuka upesi; basi chuma kikae chini, pale panapovutwa. François Hennebique, Mfaransa mwingine, alipata hataza yake mwaka 1892, akaeneza mawakala nchi nyingi, na kufikia mwisho wa karne sakafu za zege zilikuwa biashara kubwa.

Kwa slabu yetu, moja ya nane inatoa kilonyutoni-mita 20 kwa kila mita ya upana. Lakini hapo tumejifanya hatuoni kuta mbili kati ya nne. Kuta hizo zipo, na zinabeba.

Namba ya pili ilitokana na kuziona. Franz Grashof wa Ujerumani na William Rankine wa Scotland wanatajwa pamoja kwa hoja moja iliyo rahisi na nzuri. Chukua mkanda mmoja wa slabu unaokwenda mashariki-magharibi na mwingine wa kaskazini-kusini, ikikutana katikati. Pale inapokutana lazima ishuke kwa kiasi kimoja, maana ni zege lilelile. Na kwa kuwa kushuka kwa mkanda huongezeka kwa kipeo cha nne cha urefu wake, mkanda mfupi ulio mgumu ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo. Chumba kikiwa na urefu mara mbili ya upana, upande mfupi unachukua sehemu 16 kati ya 17. Kwa chumba cha mraba mikanda inagawana nusu kwa nusu, na 0.125 inakuwa 0.0625. Momenti yetu inashuka kutoka 20 hadi 10. Nusu ya nondo za upande huo zimeokolewa kwa kufikiri tu.

Ajabu ni kwamba jibu sahihi zaidi lilikuwa limekwisha andikwa kabla hata Monier hajazaliwa, na walioliandika hawakuwa na habari na nyumba. Walikuwa wakitafuta sauti.

Mwaka 1808 mwanafizikia Mjerumani Ernst Chladni alifika Paris na mabamba ya shaba. Alimwaga mchanga juu ya bamba, akalipitishia upinde wa fidla ukingoni, na mchanga ukajipanga wenyewe katika michoro: nyota, misalaba, miduara. Napoleon alioneshwa akavutiwa, na Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kikatangaza tuzo kwa atakayeeleza kwa hisabati kwa nini bamba hutetema hivyo. Wanahisabati wakubwa walikaa kando. Aliyeleta jibu mwaka 1811 alikuwa Sophie Germain, mwanamke wa Paris ambaye shule kuu ya wahandisi haikumruhusu kuingia kwa kuwa ni mwanamke. Alijifunza kwa kupata maandishi ya mihadhara na kupeleka kazi zake kwa jina la kiume, Bwana LeBlanc. Mlinganyo wake wa kwanza ulikuwa na kosa. Lagrange, mmoja wa waamuzi, aliusahihisha. Germain akarudi tena 1813, akatajwa kwa heshima bila tuzo. Akarudi mara ya tatu, na Januari 1816 akatangazwa mshindi. Siku ya hafla hakutokea.

Mlinganyo ule wa bamba una vipande vitatu. Kipande kimoja ni kupinda kwa huku, kingine ni kupinda kwa kule, na cha katikati ni msokoto. Hicho cha katikati ndicho Grashof na Rankine walichokiacha. Fikiria mikanda yao tena: mkanda ulio karibu na ukuta unashuka kidogo, wa katikati ya chumba unashuka sana. Ikiwa imeshikana, na katika zege imeshikana, kila mkanda unamsokota jirani yake, na jirani naye anakataa. Ukinzani huo unabeba mzigo. Mikanda ya karatasini haikuwa na habari nao.

Claude-Louis Navier, mwalimu wa wahandisi wa madaraja, alisoma mbele ya Chuo hicho mwaka 1820 utatuzi wa bamba la mstatili lililokalia kingo nne, kwa kujumlisha mawimbi mengi ya sini moja juu ya jingine. Ukiufuata utatuzi wake kwa slabu yetu ya mraba, ukiweka kando tabia ya maada kutanuka upande mmoja inapobanwa upande wa pili, unapata 0.0368. Hiyo ndiyo namba ya tatu. Bamba la chuma, ambalo tabia hiyo haiwezi kuwekwa kando, hupata 0.0479. Momenti yetu sasa ni karibu 5.9.

Jina la Navier limechongwa kwenye Mnara wa Eiffel pamoja na wanasayansi na wahandisi wengine 71 wa Ufaransa. La Germain halimo. Mimi nalihesabu hilo kuwa kosa la hesabu kama mengine.

Karne nzima utatuzi wa Navier ulilala vitabuni. Injinia mwenye tarehe ya kumwaga zege hakuwa na muda wa kujumlisha mawimbi. Palihitajika wakalimani wa kuugeuza kuwa majedwali na chati, na miaka ya 1920 iliwatoa. Henri Marcus, aliyefanya kazi Ujerumani, alichapisha kitabu chake mwaka 1924, na kutokana nacho ikaja njia fupi: anza na mikanda ya Grashof, kisha punguza kwa kiasi cha msokoto. Kwa mraba punguzo lake linaacha sehemu 7 kati ya 12 za 0.0625, yaani 0.0365. Linganisha na 0.0368 ya Navier uone jinsi alivyolenga. Mfaransa Pigeaud alichora mikunjo kwa ajili ya madaraja, ambako mzigo hauenei sawasawa bali unakaa chini ya gurudumu. Mikunjo hiyo iliingia katika kitabu cha mkono cha Reynolds, kilichotoka Uingereza mara ya kwanza mwaka 1932, na kupitia kitabu hicho ikafika katika ofisi za makoloni. Huko Illinois, Harald Westergaard, mzaliwa wa Copenhagen, aliandika pamoja na Slater mwaka 1921 kuhusu momenti na mikazo katika slabu, kisha akatoa fomula nyepesi za vyumba vya mstatili mwaka 1926.

Westergaard na Slater walikuwa pia wanajaribu kuzima moto. Moto wenyewe uliwashwa na slabu zisizo na mihimili.

C. A. P. Turner wa Minneapolis alijenga mwaka 1906 jengo ambalo slabu yake ilikaa moja kwa moja juu ya nguzo, na kila nguzo ilipanuka juu kama uyoga. Mbao za kushikilia zege zikapungua, dari likawa tambarare, ghala likapata nafasi. Uswisi, Robert Maillart alifika mahali palepale kwa njia yake, akifanya majaribio mwaka 1908 na kujenga ghala mjini Zürich mwaka 1910. Wateja walipenda. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyejua kwa hakika nondo ngapi zinatosha. Ulinganisho wa njia sita za kukokotoa, uliofanywa Marekani mwaka 1910, ulikuta kwamba kwa sakafu moja njia moja inaweza kudai chuma mara nne ya nyingine. Hata hivyo majengo yalisimama. Yalipakiwa mizigo ya majaribio, na vipimo vilivyochukuliwa kwenye nondo vikaonyesha mkazo mdogo kuliko hesabu ilivyotabiri. Wauzaji wa mifumo wakasema: mnaona, slabu ina miujiza yake.

Mwaka 1914 mhandisi John Nichols akaandika makala fupi. Hakugusa mlinganyo wa Germain wala mawimbi ya Navier. Alichukua paneli moja, yaani kipande cha slabu kati ya nguzo nne, akaikata nusu kichwani mwake, akauliza swali la mizani ya sokoni: upande huu una uzito huu, unashikiliwa na nguzo pale, ili usizunguke, momenti zote za katikati na za juu ya nguzo zikijumlishwa lazima zifikie kiasi fulani, karibu moja ya nane ya mzigo mara urefu baada ya kutoa upana wa kichwa cha nguzo. Unaweza kuzigawa utakavyo kati ya katikati na kingo. Kuipunguza jumla huwezi, maana hiyo ni sheria ya uzito.

Alishambuliwa kama mzushi. Majibu yaliyochapishwa yalikuwa marefu kuliko makala yenyewe, na Turner alikuwa miongoni mwa wakali zaidi. Lakini Nichols alikuwa sahihi kabisa. Vipimo vya kwenye nondo vilidanganya kwa sababu zege, kabla halijapasuka vya kutosha, nalo huvuta kidogo, na mchango huo haukuonekana kwenye chuma. Kukubali hesabu kulichukua muda mrefu kuliko kuielewa: kanuni za Marekani ziliendelea kwa miongo kadhaa kuruhusu slabu za aina hiyo zisanifiwe kwa 0.09 badala ya 0.125, asilimia 72 ya kile sheria ya uzito inachodai, na hazikuirejesha jumla kamili hadi 1971. Majengo ya miongo hiyo yaliokolewa na akiba nyingine zilizokuwa zimefichwa ndani ya hesabu. Nasoma kisa hiki kila ninaposikia mtu akitetea mchoro kwa neno moja tu: "mbona imesimama?"

Namba ya nne ilitoka Denmark. Ingerslev alikuwa ameanza miaka ya 1920, lakini aliyeijenga nadharia ni K. W. Johansen, katika tasnifu ya mwaka 1943, nchi yake ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Johansen aliacha kuuliza slabu inapindaje ikiwa nzima, akauliza inavunjikaje. Ipakie slabu ya mraba hadi mwisho na nyufa zake zitachora mgongo wa bahasha: mistari miwili ya pembe kwa pembe. Kati ya mistari, vipande vinne vya zege vinabaki bapa na kuzunguka kama milango kwenye bawaba. Kazi inayofanywa na mzigo ukishuka lazima iwe sawa na kazi ya nondo zinazonyumbuka kwenye mistari. Mstari mmoja wa hesabu unatosha, na jibu ni moja ya ishirini na nne: 0.0417. Momenti ni 6.7.

Njia hii inampa msanifu uhuru ambao Navier hakumpa. Kwa kuwa nondo zikishalegea momenti huhamia kwingine, msanifu mwenyewe huamua chuma kiasi gani kikae juu ya ukuta na kiasi gani katikati. Hatari yake iko wazi vilevile: ukibuni mistari isiyo sahihi utadhani slabu ina nguvu kuliko iliyonayo. Msweden Arne Hillerborg, mwaka 1956, alitoa njia ya mikanda inayokosea upande ulio salama, na kwa namna fulani akawarudisha Grashof na Rankine kwa heshima zao.

Kwenye mistari ya Johansen ndiko jedwali letu lilikozaliwa. Mwaka 1969 jarida la Uingereza la wahandisi wa zege lilichapisha makala ya kurasa chache ya R. Taylor, B. Hayes na G. T. G. Mohamedbhai, yenye koefisienti za slabu kutokana na mistari ya Johansen. Huyo wa tatu ni Goolam Mohamedbhai wa Mauritius, aliyekuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Mauritius na katibu mkuu wa Muungano wa Vyuo Vikuu vya Afrika. Wahandisi wetu wengi wametumia matunda ya kazi hiyo maisha yao yote bila kujua kwamba jina moja kati ya matatu ni la mtu wa Bahari ya Hindi.

Milinganyo iliyo nyuma ya jedwali la BS 8110, kanuni ya Uingereza ya mwaka 1985, ni ya nasaba hiyo. Jedwali linaonekana kama limeshuka kutoka mbinguni, kumbe linapikwa kwa viungo vichache. Hesabu kingo ambazo slabu haiendelei kwenda chumba cha jirani. Chukua 24, ongeza idadi hiyo mara 2, ongeza mraba wake mara 1.5, gawanya kwa 1000. Slabu iliyozungukwa na wenzake pande zote inapata 0.024. Iliyo peke yake, kingo zote nne zikiwa mwisho, inapata 0.056. Juu ya mihimili momenti hupandishwa kwa theluthi, hivyo 0.024 ya katikati inakwenda na 0.032 ya juu. Toleo la 1997 lina kituko kimoja hapo: kwa paneli ya ndani ya mraba linaandika 0.031 kwa upande mfupi na 0.032 kwa upande mrefu. Mraba hauna upande mfupi. Ni ukadiriaji wa desimali tu, lakini mwanafunzi anayelinakili bila kustuka hajalisoma.

Jedwali lina aina tisa za paneli na linafika pale urefu unapokuwa mara mbili ya upana; zaidi ya hapo slabu inarudi kuwa ubao wa kuta mbili. Nalo lina masharti. Namba ya 0.031 ni ya nondo za juu, zile zinazopita juu ya mihimili. Nondo hizo mafundi wakizikanyaga siku ya kumwaga zege, zikalala karibu na za chini, koefisienti inabaki palepale karatasini na slabu inakuwa nyingine. Kisha kuna pembe. Msokoto wa Germain hauna pengine pa kwenda isipokuwa huko: pembe ya slabu iliyokalia kuta hutaka kuinuka, na isipoachiwa hupasuka. Kwa hiyo kanuni inadai wavu wa nondo juu na chini kwenye pembe ambazo kingo zote mbili zinaishia hapo, tabaka nne, kila tabaka robo tatu ya chuma cha katikati, ukienea moja ya tano ya upande mfupi. Nimeona ramani nyingi zenye wavu huo na slabu nyingi zisizo nao.

BS 8110 iliondolewa rasmi Uingereza mwaka 2010, ikaachia nafasi kanuni ya Ulaya, Eurocode 2. Hiyo mpya haina jedwali la paneli tisa ndani yake. Wahandisi wanaoitumia hulichukua kutoka vitabu vya mwongozo. Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala nakala za zamani bado ziko mezani, na ukurasa wa slabu ndio uliochakaa kuliko zote.